Kidonda chako na mafikira

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na Mama mpe mkono wangu hata kama atauliza Rukia ndiye nani.

Tangu tuagane pale feri, kile kidonda cha ugokoni hakinitoki akilini. Mwezi sasa tangu ujigonge kwenye kitanda na bado kinatoa maji! Wewe wasema ni joto. Mimi nashuku mafikira yana mkono wake hapo, na sibahatishi.

Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Ohio, Marekani. Wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, kama wewe na Mama, walitiwa kijeraha cha milimita 3.5 mkononi. Wengine 13 wa umri wao, wasiouguza mtu, wakatiwa kama hicho. Vya wale wauguzaji vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 9 hivi. Nilipoisoma habari hiyo nilikuona wewe.

Moyo ukikaa mashakani, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kwa muda mfupi inafaa. Isiposhuka, hudhoofisha kinga, na kinga ndiyo inayoanza kazi ya kufunga kidonda.

Lakini naogopa zaidi jambo jingine. Ulipofungua mkoba kutafuta simu, niliona karatasi ya vidonge vyako vya presha: vimebaki vingi mno kwa tarehe ile. Wewe, uliyekuwa ukinikumbusha mimi dawa zangu za pumu! Chakula chako ni chai na mkate wa jana, tena umesimama. Usingizi wakatwa kila mara, Mama akuuliza kama Magharibi imeshaadhiniwa. Sikulaumu hata kidogo. Akili ikichoka, mtu hufanya lililo mbele yake, na la mwili wake hulisogeza kesho, na kesho tena. Najua wapo wanaokwambia usubiri tu, mama ndiye pepo yako. Ni kweli, ila sijasikia popote ulipoagizwa umuuguze peke yako wakati mmezaliwa wanne.

Kidonda nenda ukakionyeshe wiki hii, usikae na maneno yangu. Wapime na sukari, kwani nayo huchelewesha vidonda. Na huyo daktari mwambie usiku unavyolala, usimwonyeshe mguu peke yake.

Jumatano nitavuka baada ya Alasiri, nilale na Mama. Wewe ukalale kwa dadako Mtongwe, na simu uizime. Kakako nimeshampigia, achukue usiku wa Jumamosi. Amekubali, japo kwa kunung'unika. Niachie kanga za Mama za kubadilisha, na uniandikie dawa zake na saa zake. Mahamri nitakuja nayo mimi, usishike unga.

Akupendaye,
Rukia