Siku 126 za likizo ya ugonjwa, nani anazihesabu?

Ndugu Mhariri,

Kila mwisho wa mwezi wapo wafanyakazi wanaokuta mshahara umepungua kwa sababu tu waliugua. Wengi hunyamaza wakidhani mwajiri ana haki ya kukata. Kazi yetu ya kila siku ni masuala ya utumishi na wafanyakazi, hivyo tunaomba nafasi katika ukurasa wako tueleze sheria ya Tanzania Bara inasemaje na, zaidi ya hapo, haki yenyewe huponyokea wapi. Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2005. Haya tunayoyaandika hayawahusu.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kinampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko mmoja wa likizo. Siku 63 za kwanza ni za mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni za nusu mshahara. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba unaweza kutoa zaidi, lakini ukitoa pungufu, sheria ndiyo inayoshika.

Tatizo la kwanza ni huo mzunguko. Likizo ya mwaka huhesabiwa kwa miezi 12, lakini likizo ya ugonjwa huhesabiwa kwa miezi 36, kuanzia tarehe ya kuajiriwa na wala si Januari. Tuchukue mtu aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2023. Mzunguko wake wa kwanza unaisha tarehe 28 Februari 2026, na tarehe 1 Machi 2026 anaanza upya na siku zote 126. Kama aliugua siku 20 mwaka 2023, kisha akafanyiwa upasuaji mwaka 2024 akapumzika siku 50, jumla yake ni siku 70. Katika hizo, 63 alistahili mshahara kamili na 7 nusu mshahara. Zimebaki siku 56, zote za nusu mshahara, hadi mzunguko uishe. Ofisi inayofuta hesabu kila Januari inakosea, na ile inayoendelea kumhesabia mtu siku za miaka mitano iliyopita inakosea vilevile, tena mfanyakazi wa ofisi hii ya pili ndiye anayeumizwa zaidi. Siku ambazo hazikutumika hazilipwi fedha wala hazihamii kwenye mzunguko unaofuata, kwa hiyo hakuna faida ya kuzibana kana kwamba ni akiba.

Tatizo la pili ni la makusudi zaidi. Mfanyakazi analetewa fomu ya likizo ya mwaka akiwa bado kitandani, anaambiwa ajaze "ili mambo yasiwe magumu". Sheria imelikataza hilo waziwazi: mwajiri haruhusiwi kumtaka, wala kumruhusu, mfanyakazi atumie likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Neno "kumruhusu" lina uzito wake hapa, kwa sababu hata saini ya mfanyakazi haihalalishi jambo hilo. Likizo ya uzazi nayo ni haki inayojitegemea na haipunguzwi kwenye zile siku 126.

Sasa tuje kwenye cheti cha daktari, kile ambacho wengi wanakiita ED. Hapa ndipo haki nyingi zinapokufa, kwa kuwa sheria inasema mwajiri halazimiki kulipa siku za ugonjwa mfanyakazi asipoleta cheti. Cheti kinachotambuliwa ni cha mtaalamu wa tiba aliyesajiliwa, au mtaalamu mwingine aliyekubaliwa na mwajiri, na mwajiri hawezi kukataa bila sababu ya msingi. Sheria haikutaja hospitali ya kampuni, wala hospitali iliyo kwenye orodha ya bima. Mfanyakazi aliyeugua akiwa kijijini akatibiwa na tabibu wa zahanati, kwa maoni yetu, ndiye hasa aliyelengwa na ile sehemu ya pili ya kifungu. Kukikataa cheti chake kwa sababu tu hakikutoka hospitali kubwa si sababu ya msingi. Risiti ya duka la dawa ni jambo jingine kabisa. Inaonyesha kwamba ulinunua dawa, haithibitishi kwamba hukuweza kufanya kazi.

Kabla ya kutoka chumba cha daktari, mgonjwa au ndugu aliyemsindikiza akisome cheti mstari kwa mstari. Kiwe na jina kama lilivyo kazini, tarehe ya kuonwa, idadi ya siku za mapumziko, tarehe ya kuanza na ya kuisha, jina la mtaalamu, saini, na mhuri unaosomeka. Maneno "apumzike nyumbani" bila idadi ya siku hayamsaidii mtu. Kama ulilazwa, omba waandike tarehe ya kulazwa, tarehe ya kuruhusiwa, na siku za mapumziko baada ya hapo. Mara nyingi karatasi ya kuruhusiwa hutaja dawa na tarehe ya kurudi kliniki tu. Halafu kuna pengo ambalo watu hawalioni hadi liwafikishe kwenye kikao cha nidhamu. ED inaisha Ijumaa, kliniki ya kurudi ni Jumatano, mgonjwa anabaki nyumbani akijua bado anaumwa, na Jumatatu na Jumanne zinaandikwa utoro. Dawa yake ni kumwomba daktari, siku ileile anapopanga tarehe ya kliniki, afikishe mapumziko hadi siku hiyo kama anaona hali inahitaji. Usitegemee kuandikiwa siku zilizokwisha kupita. Daktari makini ataandika kile alichokiona siku aliyokuona, na ofisi inayoikagua ED iliyorudishwa nyuma wiki nzima ina haki ya kuuliza.

Cheti peke yake hakitoshi kama ofisi haina habari. Toa taarifa siku ya kwanza, ikiwezekana kabla ya muda wa kuingia kazini, kwa msimamizi wako na kwa ofisa utumishi pia. Piga simu, kisha uandike ujumbe, kwa kuwa simu haiachi ushahidi. Picha ya ED kwa WhatsApp ni mwanzo mzuri, lakini nakala halisi ifike kazini, hata kwa mkono wa ndugu, na kwenye nakala utakayobaki nayo aliyeipokea aandike jina, tarehe na saini. Tunasisitiza hili kwa sababu miongozo ya nidhamu iliyoambatanishwa na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, inahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Mgonjwa wa kweli aliyekaa kimya siku sita anajikuta akijieleza kama mtoro.

Wenye utumishi wa chini ya miezi sita kwa kawaida hawana likizo yenye malipo. Lakini wafanyakazi wa msimu wanayo, na pia yule anayeitwa na kuachwa mara kwa mara na mwajiri yuleyule, iwapo jumla ya muda aliofanya kazi katika mwaka inazidi miezi sita. Vibarua wengi wa viwandani na mashambani wako katika kundi hili bila kujua. Watunze kila karatasi ya malipo.

Ajali ya kazini isifichwe ndani ya likizo ya ugonjwa. Aliyekatwa na mashine au kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi ana haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari za ajali. Tukio likiandikwa "anaumwa mkono", matibabu na fidia yake vinaingia mashakani.

Vipi siku 126 zikiisha na mtu hajapona? Kinachokwisha ni wajibu wa kumlipa kwa mujibu wa kifungu cha 32. Ajira haifi yenyewe siku ya 127. Kanuni zile za 2007 zinamtaka mwajiri aangalie chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kuna kazi nyepesi au marekebisho yanayoweza kumweka mtu kazini. Azungumze naye, asikilize upande wake, apate maelezo ya kitaalamu. Barua ya kuachishwa inayoletwa nyumbani bila hatua hizo ni dhaifu sana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Zaidi ya hayo, ulemavu na hali ya VVU vimetajwa wazi katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kuwa si sababu ya kumbagua mtu kazini.

Anayekwenda Tume aangalie kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ukiwamo wa mshahara uliokatwa, ndani ya siku 60. Hujazwa Fomu Namba 1, nakala hupelekwa kwanza kwa mwajiri, kisha fomu hufikishwa Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Wengi huchelewa kwa sababu ya ahadi za mdomo kwamba "mwezi ujao tutarekebisha". Waendelee kuzungumza na mwajiri, lakini siku zinahesabika.

Tunawaomba waajiri waongeze mstari mmoja kwenye salari slipu: tarehe mzunguko wa miezi 36 ulipoanza, siku za ugonjwa zilizotumika kwa mshahara kamili, na zilizotumika kwa nusu. Taarifa hizo tayari wanatakiwa kuwa nazo ili walipe kwa usahihi. Vyama vya wafanyakazi navyo viliingize hilo katika mikataba ya hali bora inayojadiliwa, pamoja na kipengele kinachosema nani anapokea ED na ndani ya siku ngapi anatakiwa kujibu kwa maandishi kama anaikataa, na kwa nini.

Wasomaji wako,
Maofisa utumishi na wawakilishi wa wafanyakazi