Chumvi ya bahari inasingiziwa makosa ya soketi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Kisauni aliyelalamika kwamba bodi za saketi zinazobuniwa na mafundi wa hapa Mombasa hazifanyi kazi ipasavyo kwa sababu ya hewa ya chumvi na vipuri vya bei rahisi. Kuhusu chumvi hakukosea, kwani mimi mwenyewe huletewa pini zilizoota kutu ya kijani karibu kila wiki. Lakini katika vifaa vinavyopitisha data kwa kasi kubwa chumvi husingiziwa mengi, na nakiri kwamba nami niliwahi kuisingizia.

Mwaka jana tulibuni bodi ndogo ya kuunganisha diski na mashine inayorekodi picha za kamera katika duka moja la jumla karibu na Marikiti. Diski na mashine zote zilikuwa za USB 3, ambayo hupitisha gigabiti 5 kwa sekunde, ila kila zilipounganishwa kupitia bodi yetu zilishuka hadi kasi ya USB 2, yaani megabiti 480. Mwenye duka alisema kebo ni feki, nasi tukabadilisha kebo mara tatu. Kisha nikamwambia, kwa uhakika ambao leo unaniaibisha, kwamba soketi imeliwa na chumvi, ilhali bodi ilikuwa na siku nne tu tangu itolewe kwenye mfuko wake.

Ishara za kasi hiyo husafiri kwa jozi: njia mbili za shaba zinazokwenda sambamba, volti ya moja ikipanda wakati ya mwenzake inashuka, na upande wa pili husoma tofauti iliyo baina yao. Jozi hiyo ina impedansi yake, yaani ukinzani ambao ishara inayosafiri hukutana nao, nao haisomeki kwa mita ya kawaida ya fundi, kwa kuwa hutokana na upana wa njia hizo, nafasi iliyo kati yao na umbali wao kutoka kwenye tabaka la graundi, ile shaba ya volti sufuri iliyotandazwa chini yao. USB 3 hutaka omu 90 au karibu na hapo, na Ethaneti ya mtandao na HDMI ya televisheni hutumia 100. Kiwango hicho kikibadilika ghafla njiani, sehemu ya ishara hurudi ilikotoka na kuzivuruga zinazoifuata, kama vile wimbi linalogonga mwamba chini ya Ngome ya Yesu linavyokutana na lile lililo nyuma yake.

Mahali ambapo kiwango hubadilika mara nyingi ni kwenye kiunganishi, yaani soketi. Njia zetu zilikuwa na upana wa robo milimita hivi, lakini pedi za soketi, vile vipande vya shaba ambapo pini zake hulehemiwa, zilikuwa pana mara tatu, nami nilikuwa nimezinenepesha zaidi kwa mkono wangu ili risasi ya kulehemu ishike barabara, maana wateja wetu huchomoa kebo kwa kuivuta. Pedi pana iliyolala juu ya graundi huwa kapasita, yaani hifadhi ndogo ya chaji, na kapasita hiyo huishusha impedansi. Tulipobahatika kutumia kipimo kinachotuma mpigo mkali na kuonyesha mwangwi wake, tuliona mstari ukienda sawa kwenye omu 90, ukafika kwenye soketi, ukazama hadi 70 hivi, kisha ukapanda tena. Ukitoa 70 katika 90 unapata 20, na ukigawanya kwa jumla ya viwango hivyo viwili, ambayo ni 160, unaona kwamba thumni, yaani sehemu moja ya nane, ya volti inarudi nyuma. Bodi yetu ilikuwa na soketi mbili, kwa hiyo jambo hilo lilitokea mahali pawili.

Ni haki kuuliza kwa nini USB 2 ilipona. Kwanza, inatumia jozi yake yenyewe. Pili, biti yake moja huchukua nanosekunde 2 hivi, muda ambao ishara husafiri takriban sentimita 30 ndani ya bodi, na kasoro ya milimita chache katika mwendo huo haihisiki. Biti ya USB 3 huchukua nanosekunde 0.2, sawa na sentimita 3 za safari, na kupanda kwa volti yake hukamilika katika umbali mfupi zaidi ya huo.

Tiba haikuhitaji kipuri kipya. Tulirudisha pedi kwenye ukubwa ulioelekezwa na mtengenezaji wa soketi, kisha tukakata dirisha katika shaba ya graundi iliyo chini ya pedi hizo, ili graundi inayokabiliana nazo iwe ile ya tabaka la mbali zaidi. Dirisha la kwanza lilikuwa kubwa mno, na impedansi ikaruka juu ya 100. La pili likatufikisha kati ya 85 na 95. Pini ya graundi iliyo katikati ya jozi, ambayo tulikuwa tumeifunga kwa njia nyembamba iliyozunguka, tuliipa tundu lake la kushukia graundi hapo hapo. Kuna pia suala la pini ndefu zinazopenya bodi na kubakiza kipande kisichoelekea popote, ambamo ishara huingia na kurudi kama mgeni aliyepotea vichochoroni Mji wa Kale. Kwa gigabiti 5 halikutusumbua, lakini kasi ikizidi hapo haliwezi kupuuzwa.

Jambo lililonisukuma kuandika ni cheti cha kiwanda. Bodi ile mbovu ilikuja na cheti kinachothibitisha omu 90, pungufu au zaidi kwa asilimia 10, na cheti hakikudanganya. Kiwanda hupima kipande cha mfano kilichochorwa pembeni mwa bodi, chenye njia tupu zisizo na soketi. Pedi na matundu ya kiunganishi havimo katika kipimo hicho, na ni juu ya mbunifu kuvikokotoa kabla ya kutuma mchoro. Wengi wetu tunadhani tukishalipia udhibiti wa impedansi, basi soketi nazo zimo.

Kwa msomaji wa Kisauni na wanunuzi wengine, ipo njia rahisi ya kutofautisha. Kutu huja polepole, na kifaa hukatakata ukitikisa kebo au baada ya miezi ya unyevu. Kosa la impedansi lipo tangu siku ya kwanza: kifaa hukataa kasi ya juu ukitumia kebo yoyote, lakini hufanya kazi vizuri ukikishusha kasi.

Kipimo nilichokitaja ni ghali kwa karakana kama yangu, na tulikipata kwa saa mbili tu, kwa hisani ya rafiki. Naziomba taasisi za hapa Pwani zilizo nacho ziwaruhusu mafundi kukitumia walau siku moja kwa mwezi, kwa malipo ya haki. Bodi zetu mbili, ile ya zamani na ile mpya, niko tayari kuzitoa zipimwe mbele ya wanafunzi.

Fundi wa elektroniki,
Mwembe Tayari, Mombasa.