Siyo virusi dada, ni vitufe vinagombaniwa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye safu ya barua. Juzi kuna dada aliandika humu kwamba kompyuta yake ya Linux (mfumo unaotumika badala ya Windows) imeingiliwa na virusi, mana kitufe alichokiwekea kazi ya kufungua kikokotoo asubuhi kinaitika vizuri tu, akishaanza kuingiza mahesabu kinakataa katakata, na fundi kamwambia afute kila kitu aanze upya. Jamani asifute! Ugonjwa huo naujua, mimi mwenyewe ulinila siku 2 nzima.

Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Mbele nina dirisha la kuandikia, nyuma yake programu inayocheza sauti, na mtu akiongea haraka haraka lazima usimamishe, uandike, uachie, usimamishe tena, sa kila mara ushike mausi uhamie dirisha la pili ni mateso. Nikajitengenezea kiprogramu: F8 ikibonyezwa popote pale, sauti isimame. Hapo kwenye "popote" ndo penye kazi, kwa sababu kawaida kitufe kinapelekwa kwenye lile dirisha unaloandikia, mengine hayapati hata habari. Kwenye X11, ule mfumo wa madirisha uliotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1987 ambao Linux zimeuegemea miaka na miaka, programu inaiomba seva, yaani X11 yenyewe humo humo kwenye mashine yako, kwamba kitufe fulani kikibonyezwa niletee mimi hata kama mtu yuko kwingine. Amri yenyewe ni XGrabKey, na ni kukamata kweli kweli, mana lile dirisha unaloandikia halioni kitu.

Siku ya kwanza ikaenda safi. Kesho yake F8 kimya. Nikasoma kodi, yaani maandishi ya kiprogramu changu, mstari kwa mstari, nikawasha na kuzima mashine, wapi, mpaka jicho likaangukia taa ndogo ya NumLock, kile kitufe cha kuwashia namba za pembeni ya kibodi, inawaka. Kumbe seva haiangalii F8 peke yake, inaangalia F8 pamoja na vyote ulivyoshikilia muda huo, Shift, Ctrl, Alt, na kwa akili zake NumLock ikiwa imewashwa ni sawa na kitufe ambacho umekibana kwa kidole. Mimi nimeomba F8, imekuja F8 na NumLock, seva ikasema hii hakuna aliyeiomba, ikaipitisha kwenye dirisha la kuandikia kama kawaida. Dawa yake inachekesha kidogo: unaomba kitufe hicho hicho mara 4, kikiwa peke yake, kikiwa na NumLock, kikiwa na CapsLock (ile ya herufi kubwa), na kikiwa na zote mbili. Asiyejua hilo anatoa programu inayofanya kazi kwake na kugoma kwa wateja.

Haya, nikapona. Baada ya wiki nikaweka programu ya kupiga picha skrini, F8 ikafa tena, na safari hii NumLock imezimwa. Hapa sasa ni ugomvi wa kiti kwenye basi, aliyewahi kawahi. Programu 2 haziwezi kukamata mkusanyiko mmoja wa vitufe, ya pili seva inairudishia kosa linaloitwa BadAccess. Windows nayo ni vile vile, amri yake RegisterHotKey inajibu kwamba imeshindikana. Kwa hiyo programu inajua kabisa kuwa imekosa! Ila sisi waandishi wa programu tunalimeza lile kosa, mwenye kompyuta anabaki anabonyeza hewa. Nasema sisi kwa sababu nilifungua kodi yangu nikakuta nimelimeza mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Na kuna la hatari kuliko haya. Kwenye X11 ya kawaida programu yoyote iliyoingia kwenye skrini yako inaweza kusikiliza kila unachoandika, neno la siri likiwemo, bila kukuuliza. Alafu ujaribu hii: fungua menyu, iache wazi, uondoke. Mara nyingi skrini haijifungi, mana menyu imeshika kibodi yote na programu ya kufunga skrini inakosa pa kushika. Ndo mana Windows tangu enzi za toleo la NT waliiweka Ctrl+Alt+Del pembeni kabisa, programu ya kawaida haiwezi kuikamata, ili mtu asikutengenezee ukurasa bandia wa kuingilia akaondoka na neno lako la siri.

Wayland, mfumo mpya wa madirisha wa kushika nafasi ya X11, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, imekata mzizi: programu inaona vitufe vya dirisha lake tu, ikitaka zaidi ya hapo ipitie kwa msimamizi wa madirisha, na hapo ndo wewe unapoweza kuulizwa unakubali au hukubali. Watu wanalalamika sana, na kiprogramu changu kilikufa siku niliyohamia, sasa F8 nimeipangia kwenye mipangilio ya mfumo iite amri ya kusimamisha sauti. Bado naunga mkono. Kibodi ni ya mwenye kompyuta, siyo ya programu iliyowahi kuamka.

Ninachowaomba watengenezaji wenzangu ni kidogo sana, mkinyimwa kitufe semeni, kadirisha kamoja tu, "F8 imeshachukuliwa, chagua nyingine". Na wa mifumo watuwekee ukurasa mmoja unaoonyesha nani kashika nini, mana leo ukitaka kumjua mwizi unazima programu moja moja hadi umfikie.

Dada, kabla fundi hajarudi, bonyeza NumLock mpaka taa izime, kisha jaribu kitufe chako. Kikiitika, fundi umwambie abaki kwake.

Msomaji wenu, mwandishi wa sauti za watu