Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa stempu,

Namshukuru Mungu aliyetujaalia kukutana tena. Vikao vya kila mwezi vimefanyika bila kukosa. Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na wenye ada za nyuma naomba wamalizane naye leo hii.

Nitakalokaa nalo ni lile la mzee wetu. Mnakumbuka alivyokuja kikaoni na stempu ya India iliyopigwa juu yake chapa ya jina la Zanzibar mwaka 1895 ili itumike huku, yenye kosa la herufi: "Zanzidar". Kosa hilo lipo kweli, limo katika katalogi, na bei yake si ya mchezo. Alikuwa ameinunua kwa akiba yake. Tukaiweka chini ya lenzi, tukapokezana. Wino wa "Zanzidar" ulikuwa umekaa juu ya muhuri wa posta, ukikatiza mistari yake. Maana yake stempu ilitumika kwanza, ikagongwa muhuri, ndipo mtu akaja kuichapa jina la kisiwa chetu. Pembeni zilisalia herufi tatu za muhuri: BAY. Ilitumika Bombay, huko India. Mzee aliirudisha kwenye bahasha taratibu, hakusema kitu.

Muuzaji alipoulizwa alijibu kwamba yeye hakumwambia mtu ni halali.

Jibu hilo lina babu yake. François Fournier alizaliwa mwaka 1846 huko Croix-de-Rozon, Uswisi, mpakani na Ufaransa, akaja kuwa raia wa Ufaransa. Mwaka 1904 alinunua mjini Geneva shehena ya Louis-Henri Mercier, mtengenezaji wa stempu za kuiga aliyekuwa amefilisika, akaiendeleza. Hakujificha. Kuanzia 1910 alitoa jarida lake, Le Fac-Simile, na orodha yake ya bei ya mwaka 1914 ilikuwa na stempu za aina 3,671. Alijitetea kwamba anauza nakala, tena kwa faida ya mkusanyaji asiye na uwezo, ambaye wauzaji wakubwa wanamkamua. Mimi utetezi huo siukubali. Aliyeuziwa nakala kwa bei ya nakala aliweza kumuuzia mwenzake kwa bei ya halisi, na hakuna alama iliyomzuia.

Vita vya 1914 viliikata biashara yake, naye akafariki mwaka 1917. Shehena ikamwendea Charles Hirschburger, na huyo alipofariki, wakusanyaji wa Geneva, Union Philatélique de Genève, wakainunua yote ili isirudi sokoni. Mwaka 1928 walitengeneza albamu 480, stempu zake zikigongwa alama ya kuonyesha kwamba ni bandia, wakusanyaji wazitumie kujifunzia. Zilizobaki wakaziteketeza. Chama kama chetu ndicho kilichofanya hivyo, kwa fedha ya wanachama.

Wala tusione haya ni ya Ulaya tu. Stempu za Kenya na Uganda za mwaka 1922, zile za thamani kubwa iliyochapwa juu yake hadi pauni 100, nyingi zilibandikwa kwenye hati za kisheria na kufutwa kwa kalamu. Watu wameziosha wino na kuzigonga mihuri ya posta ya kughushi. Mwenye nazo azitazame upya juani, akitafuta alama ya kalamu iliyofifia.

Kwa hiyo Kamati inaleta ombi moja: chama kiwe na sanduku la stempu bandia. Kila itakayoingia itagongwa BANDIA kwa nyuma, itaandikwa kwenye daftari la Katibu, na haitatoka kwa kuuzwa wala kwa zawadi. Mwanachama mpya atafundishwa kwa hizo kabla hajanunua stempu ya bei. Wapo wanaosema mtu akiitoa yake amepoteza fedha yake mara mbili. Nawaelewa, kwani wengine bado wanadai wauzaji wao. Lakini ikiuzwa tena, hasara inahamia kwa mtoto wa mtu mwingine.

Mzee wetu hakusubiri kura. Jana jioni alinikabidhi bahasha yake, na muhuri wa BANDIA aliugonga kwa mkono wake. Nimeiweka mezani mbele yenu, pamoja na lenzi.

Naomba kutoa taarifa.