Idi, hiyo ribriza usiilipie kwanza

Kaka Idi,

Habari za siku nyingi, shemeji na watoto hawajambo? Huku wote wazima, mama anakusalimia sana. Najua nimekaa kimya mda mrefu, ila meseji yako ya jana imenifanya niache kila kitu, maana unasema kuna mtu anakuuzia ribriza iliyotumika, ile mashine ya kuzamia inayokurudishia pumzi yako mwenyewe, na anataka jibu wiki hii hii. Ndugu yangu usilipe kwanza. Soma hii mpaka mwisho halafu ndo uamue.

Kwa nini unaitaka naelewa kabisa. Ukizama na mtungi wa kawaida pumzi unayotoa inaenda zake juu na mapovu wakati bado ina oksijeni kama asilimia 16, na ukifika mita 30 kila pumzi inakula hewa mara nne ya ukiwa juu ya maji. Ribriza inazungusha pumzi ileile, chokaa ya punje iliyo kwenye kopo ndani ya mashine inanyonya hewa ukaa, oksijeni inaongezwa ile tu mwili ulotumia, kama lita moja hivi kwa dakika ukiogelea taratibu, uwe mita 5 au mita 50. Ndo maana kimtungi cha lita 3 kinakutosha masaa na masaa. Na samaki wanakusogelea hadi usoni sababu hakuna mapovu, hapo Mwanaidi aliyekusimulia hajatia chumvi hata kidogo.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Mtungi wa kawaida ukiisha unajua, unavuta pumzi haiji. Ribriza haikwambii. Kinachotufanya tuhisi kubanwa ni hewa ukaa kujaa mwilini, siyo oksijeni kupungua, na chokaa kazi yake ndo hiyo kuiondoa hewa ukaa, kwa hiyo oksijeni inaweza kushuka kwenye mzunguko na wewe unapumua vizuri tu, hubanwi, hukohoi, mpaka fahamu zinakutoka. Utajua kwa kuangalia skrini basi, na skrini nayo inajua kile inachoambiwa na vihisi, vile vidude vya kupima oksijeni.

Kwa hiyo anza na vihisi. Mwambie huyo muuzaji afungue akupigie picha tarehe zilizoandikwa ubavuni mwa kila kimoja, kwa kawaida viko vitatu na vinazeeka hata vikikaa kabatini, mwaka mmoja au mwaka na nusu vinatakiwa vibadilishwe. Halafu muombe namba za milivolti: kinachosoma 10 kwenye hewa ya kawaida kinatakiwa kifike karibu 48 kwenye oksijeni tupu, kikiishia 40 kimechoka hicho. Kihisi kilichochoka kinagoma kupanda, mashine inadhani oksijeni ni ndogo inazidi kuongeza, na presha ya oksijeni ikipita bar 1.6 unaweza kushikwa degedege chini ya maji. Tena mashine nyingi zinakwenda kwa wengi wape, viwili vikikosea pamoja kile kimoja kinachosema kweli kinapuuzwa!

Chokaa nayo ina mkono wake. Unamimina kidogo, unagongagonga kopo ubavuni mpaka punje zinashuka na kutulia, unaongeza, unagonga tena, mpaka ukitikisa husikii kitu. Ukiacha upenyo pumzi inapita hapohapo bila kusafishwa, na maji yakiingia humo yakarudi mdomoni yanaunguza koo. Hewa ukaa yenyewe mashine nyingi haziipimi kabisa. Ikikujaa unahema kama mtu aliyepanda mlima mbio, akili inavurugika, na kutoa mdomo wa mashine ushike regulata (kile cha kuvutia hewa mdomoni) ya mtungi wa akiba inakuwa kazi ngumu mno, watu wengine wanashindwa. Mi ndo maana nasisitiza ule mdomo wenye swichi, unageuza tu unapumua mtungi wa akiba bila kutoa kitu mdomoni. Na akiba yenyewe iwe ya kutosha, mtu anayehema hivyo anakula hewa mara mbili tatu ya kawaida.

Uliuliza ya umeme au ya mkono. Ya umeme inajiongezea oksijeni yenyewe, ya mkono inatiririsha kidogo ile nyingine unabonyeza mwenyewe. Mi naipenda ya mkono kwa sababu inakulazimisha uangalie skrini, ila hilo tutaongea. Mifuko ya pumzi, ile inayopokea pumzi unayotoa, iwe mgongoni au kifuani, utajaribu mwenyewe ukiwa ndani ya maji uone ipi inapumulika kirahisi.

Narudia tena, usilipe. Daktari Andrew Fock alichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa vifo 181 vya watu wa ribriza, 1998 hadi 2010, akakadiria hatari ni kama mara 10 ya mtungi wa kawaida. Baba Rehema atakwambia natisha watu, mwache aseme. Sikukatazi kaka, natamani tuzame wote siku moja. Ila cheti cha ribriza ni cha mashine ileile uliyosomea, ukinunua ambayo hakuna wa kukufundisha wala wa kuifanyia sevisi umenunua chuma tu. Tafuta mwalimu kwanza, muulize yeye anafundisha ipi, halafu mashine ndo ifuate.

Sasa nijibu haya. Ni aina gani, ya mwaka gani? Sevisi ya mwisho ilifanyika lini na nani, karatasi zipo? Kwa nini anaiuza? Unataka kwenda mita ngapi hasa, au ni picha za samaki tu? Mwalimu umempata? Shemeji umemwambia? Na ukiamua kwenda kusoma, utanisubiri mpaka nipate likizo twende pamoja? Nipigie hata usiku, simu naiacha wazi.

Ni mimi,
Seif