Usiiwekee nyumba deni la kadi

Kiamunyi, Nakuru
Julai 2025

Mama,

Tangu uliponipigia Jumapili usiku sijapata usingizi wa maana. Ulikuwa ukinong'ona, na nyuma yako nikisikia maji ya bomba, nikajua umejifungia jikoni ili baba watoto asikusikie. Mama yako aliniuliza kulikoni. Nikamwambia umeniomba ushauri, na kwamba utamweleza mwenyewe siku ukiwa tayari. Hakuniuliza tena. Nimeona afadhali nikuandikie, maana kwenye simu utaanza kulia nami nitalegea nisiyaseme haya yote.

Uliniambia kwamba mwezi wa tano ulichelewa siku 18 kulipa kadi ya mkopo. Uliniambia pia kwamba benki uliyotaka kuuhamishia mkopo wa nyumba, kwa sababu riba yake ni nafuu, imeuona ucheleweshaji huo kwenye ripoti ya CRB, wale wanaotunza kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo yao, na sasa inasitasita. Hata hivyo umepata afisa wa mikopo kwingine aliye tayari kuuchukua mkopo wote, tena akuongezee 240,000 juu yake ili uimalize kadi mara moja. Halafu ukasema, "Baba, usimwambie mtu."

Nilinyamaza. Labda ulidhani nimekasirika. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale niliwahi kuyasema mimi, karibu yote, mwaka 2015, na wewe hujawahi kuyasikia.

Unakumbuka mwaka ule nyanya yako alipolazwa, yule uliyebeba jina lake na ambaye kwa ajili yake nakuita mama hadi leo. Alikaa wodini wiki tano. Tulifanya mchango hapa nyumbani, viti tukaazima kanisani, na pesa zilizopatikana hazikufika nusu ya bili. Siku ya kumtoa nilisimama pale dirishani pa malipo, nyanya yako amekwisha kuvalishwa leso yake na amekaa kwenye kiti cha magurudumu akinisubiri. Nikatoa kadi. Zilikwenda shilingi 186,000. Sijawahi kujutia pesa zile hata siku moja, na nataka uelewe hilo vizuri kabla hujaendelea kusoma.

Ninachojutia ni miezi iliyofuata. Malipo ya kadi yalitakiwa tarehe 28, mshahara wangu uliingia tarehe 3. Mwezi wa kwanza nikasema siku chache hazidhuru, nikasahau kabisa. Ikaja barua yenye faini ya kuchelewa na riba juu yake. Nikaona aibu. Barua ya pili niliichukua posta nikaiweka chini ya kiti cha gari bila kuifungua, na ya tatu vivyo hivyo. Ilipotimia miezi minne nilikuwa nimekwisha kuorodheshwa CRB, maana deni likipita siku 90 bila malipo benki hulihesabu kuwa mkopo mbovu. Tazama tofauti hapo, mama. Siku 18 zako zitaonekana kwenye ripoti, ni kweli, na mkopeshaji mpya ana haki ya kukuuliza. Lakini siku 18 na siku 90 hazifanani hata kidogo, na usimruhusu afisa yeyote akutishe kana kwamba yote ni mamoja.

Sasa, nyumba. Hii tunayokaa tuliichukulia mkopo mwaka 2010, shilingi milioni 2.4 kwa miaka 15. Katikati ya 2015 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba, kile ambacho mabenki hukifuata, mara mbili, mwezi wa sita na wa saba, kutoka asilimia 8.5 hadi 11.5, na haukupita muda benki yetu ikaniandikia kwamba riba yangu imefika 18. Nikaanza kutafuta pa kuuhamishia mkopo. Benki ya kwanza ilinipokea kwa chai. Kisha yule kijana akatazama kompyuta yake, akaacha kuandika, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna hii kadi?" Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari, barua zangu zikiwa chini ya kiti nilichokalia.

Mkopeshaji mwingine alikubali. Riba yake haikuwa ile waliyoitangaza, ilikuwa ya juu zaidi, karibu sawa na ile niliyokuwa nikiikimbia. Sikujali. Nilichokiona mimi ni kwamba deni la kadi lingeingizwa ndani ya mkopo wa nyumba, lisahaulike. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Wakili alisema, "Mlete mama atie sahihi."

Sikuwa najua sheria hiyo. Tangu Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba wanamoishi mume na mke haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hatimiliki ina jina la mmoja. Kwa hiyo mambo niliyoyaficha kwa miezi kumi ilibidi niyaseme jioni moja, mama yako akiwa kwenye cherehani yake anashona sare za shule.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kuhusu kadi. Aliuliza, "Kwa hiyo ndugu zako hawakulipa ile bili?" Maana alidhani salio lilichangwa na ami zako, nami nilimwacha adhani hivyo. Alikuwa amewapelekea unga, amewashonea watoto wao sare bila malipo, amewashukuru mbele ya watu. Mama yako si mtu wa kulia, lakini siku ile alilia, na alichokililia ni zile shukrani. Deni alilichukulia kama kazi ya kufanywa. Uongo wangu ndio uliomuumiza, na ilimchukua muda mrefu kuniamini tena na jambo lolote la pesa. Naandika hili na mkono unakuwa mzito.

Usiku ule akachukua daftari lake la vipimo, akaniambia nimsomee karatasi ya mkopeshaji. Ile 186,000 ikiingizwa kwenye nyumba ingeongeza malipo yetu kwa shilingi 3,350 kila mwezi. Kwangu zilikuwa kidogo, ndizo zilizonivutia. Yeye akazidisha kwa miezi 120 iliyokuwa imebaki. Shilingi 402,000. Akaandika na gharama za kuhama: mthamini, wakili, kuiondoa rehani ya zamani, kusajili mpya, ushuru wa stempu. Kisha akafunga daftari akasema, "Deni la hospitali ni langu na wewe. Nyumba ni ya watoto. Siweki sahihi."

Mama, hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Anayekudai kwa kadi hana hatimiliki yako. Atakupigia simu, atakutoza riba kali, atakuorodhesha, na akitaka mali yako itabidi kwanza aende mahakamani. Ukilihamishia deni lile lile kwenye nyumba, umempa mkopeshaji njia nyingine kabisa. Ukishindwa kulipa kwa mwezi mmoja anaweza kukupa notisi ya siku 90. Usipomaliza, notisi ya kuuza, siku 40. Kisha dalali anakuja na yake ya siku 45. Siku hizo ni nyingi ukizisoma kwenye karatasi. Nimewaona majirani ambao ziliwaishia, na mali yao ikatangazwa kwenye gazeti. Pesa ulizonunulia friji na karo ya muhula mmoja hazistahili kuwa na nguvu ya kumtoa mwanao kitandani mwake.

Sisi tulifanya hivi. Nilikwenda kwa waliotoa kadi, nikaomba tuandikiane malipo ya awamu, na kadi nikaikata mbele yao. Januari ile fedha zote za sare ziliingia huko. Gari tukaliuza, unakumbuka nilivyoanza kupanda matatu, nikakwambia ni kwa ajili ya afya. Tulimaliza Septemba 2016, mwezi ule ule sheria ya kuwekea riba kikomo ilipoanza kutumika, na mkopo wa nyumba ukashuka hadi asilimia 14 bila sisi kuhama popote. Hilo lilikuwa neema na usilitegemee, kwa maana kikomo kile kiliondolewa Novemba 2019.

Lakini wewe una neema ya wakati wako. Kiwango cha Benki Kuu kilifika 13 Februari 2024, na tangu Agosti mwaka ule kimekuwa kikiteremshwa hadi sasa kiko chini ya 10. Je, riba yako imeshuka nacho? Kabla ya kuhama, iandikie benki yako ya sasa, uwaulize kwa maandishi, uwaambie una mkopeshaji mwingine. Benki haipendi kumpoteza mtu aliyelipa nyumba miaka minne bila kukosa hata mwezi. Tena soma mkataba wako uone kama wanatoza kwa kumaliza mkopo mapema, kwani wengine hutoza.

Ripoti yako ya CRB iombe mwenyewe. Kampuni zilizopewa leseni ni tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na una haki ya kuipata mara moja kwa mwaka bila malipo. Angalia kama malipo uliyokwisha kufanya yameandikwa. Wakati mwingine benki huchelewa kupeleka taarifa, na mtu anaendelea kubeba doa alilokwisha kulisafisha. Ukikuta kosa, lalamika kwa maandishi. Kadi nayo, waombe wasogeze tarehe ya malipo ije baada ya mshahara wako. Mimi ningeliuliza hilo mwezi wa kwanza, huenda nisingekuwa na hadithi ya kukuandikia. Halafu iweke malipo yajikate yenyewe kwenye akaunti.

Baada ya miezi sita au zaidi ya malipo safi, ukiona kuhama kuna faida hata baada ya gharama zote, hama. Sikukatazi. Ila uhame na mkopo wa nyumba peke yake.

Na sasa mume wako. Nimelizunguka jambo hili kurasa zote hizi. Huwezi kufanya unachotaka kukifanya bila sahihi yake, kwa hiyo atajua. Swali ni kama atajulia kwako mezani jioni, au kwa wakili asiyemfahamu, karatasi zikiwa mbele yake na kalamu imekwisha kufunguliwa. Mimi nilichagua vibaya. Nilingoja hadi sheria iliponilazimisha, na mama yako alilijua hilo, kwamba nisingemwambia kama si ile sahihi. Wewe bado hujalazimishwa na mtu. Kijana yule namfahamu. Alipokuja hapa na wazee wake mara ya kwanza alikataa kukaa kabla mama yako hajakaa. Mwonyeshe taarifa yote ya kadi, hata vile vitu unavyoona haya kuvionyesha. Usimpe nusu. Nusu ndiyo iliyonimaliza mimi.

Sisi tuna 60,000 kwenye chama cha akiba. Ni zako mkizihitaji, na hutazirudisha. Lakini nitazituma mkiwa mmenipigia wote wawili, simu iko kwenye spika, hapo mezani.

Watoto wabusu. Mwambie mdogo mparachichi wake umeshika, nimeuzungushia waya mbuzi wa jirani asiufikie.

Usiku huu sizimi simu. Piga hata ikiwa saa saba.

Baba yako