Maktaba tunayoilipia tukiwa mikoani ifunguke mikoani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vikuu vinavyofundisha kwa masafa. Ankara ya ada ninayolipa kila mwaka ina mstari ulioandikwa "huduma za maktaba". Maktaba yenyewe nimeiingia mara moja tu.

Mimi ni muuguzi hapa Namanyere, wilayani Nkasi, mkoa wa Rukwa. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, mwaka wa pili. Utafiti wangu unahusu wajawazito wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kule Kirando na Kabwe: kwa nini wanaanza kliniki mimba ikiwa imeshakua, na kwa nini hawamalizi dozi za SP za kuwakinga na malaria. Wanawake hao nawafahamu. Baadhi yao nimewapokea wodini wakiwa wameishiwa damu.

Mwaka jana nilipeleka sura ya pili, ile ya mapitio ya tafiti zilizotangulia. Msimamizi wangu aliirudisha na maneno machache pembeni: vyanzo vimezeeka, tafuta vya miaka ya karibuni. Alisema kweli. Nilikuwa nimetumia vile tu vilivyokubali kufunguka kwenye simu yangu. Makala nilizozihitaji hasa nilikuwa naona kichwa na muhtasari. Nikibonyeza niisome yote, naambiwa nilipe zaidi ya dola 30, karibu Sh80,000, kwa makala moja. Nilizihitaji zaidi ya 40.

Nikaomba likizo, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000. Nilipoketi ndani ya maktaba ya chuo, makala zile zile zikafunguka moja baada ya nyingine, sikuulizwa hata shilingi. Nilikaa siku tatu nikizipakua kwenye flashi, mchana sili ili muda usipotee. Mkutubi mmoja, dada mpole sana, ndiye aliyenieleza sababu: wachapishaji wanautambua mtandao wa chuo kwa namba yake. Aliye ndani ya uzio wanamhesabu kuwa mwanafunzi, aliye nje ni mpita njia. Nikamuuliza, na sisi ambao hatukai ndani ya uzio? Akasema wameshaomba mfumo wa kuingilia ukiwa mbali, bado haujawekwa.

Mfumo huo si mgeni duniani. Vyuo vya nje vimeutumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Chuo kinaweka seva yake katikati. Mwanafunzi anaingiza namba ya usajili na nywila, seva inamwombea makala, na mchapishaji anaona ombi limetoka chuoni, hata kama aliyeomba yuko Nkasi na taa ya sola.

Kwa sisi wa afya hata kisingizio cha fedha ni kidogo. Hinari, mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 2002 pamoja na wachapishaji wakubwa, unafungua maelfu ya majarida, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake haziombwi malipo. Wenzetu wa kilimo wana mpango kama huo, AGORA, tangu 2003. Taasisi inajiandikisha, kisha inawapa watu wake njia ya kuingia. Kilichobaki ni chuo kukumbuka kwamba na sisi ni watu wake.

Mwaka 1992 Bunge lilipopitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, nchi ilikubali kwamba mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi wala watoto. Vyuo vingine, changu kikiwamo, vikafuata njia hiyo. Moduli tunatumiwa, mitihani tunafanyia vituo vya mikoa, ada tunalipia kwenye simu. Ni maktaba tu iliyobaki ya kuifuata Dar.

Naomba pia suala la bando litazamwe. Nikitoka zamu ya jioni naanza kusoma saa nne usiku, na bando linaisha kabla sijamaliza kupakua. Mwaka 2020 Afrika Kusini, kampuni za simu zilikubali tovuti za vyuo zifunguke bila kumkata mwanafunzi bando. Wakuu wetu nao wakae na kampuni za hapa. Na awepo mkutubi mmoja wa kupokea simu au ujumbe baada ya saa za kazi, kwa sababu wanafunzi wa masafa karibu wote mchana tuko kazini.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Mpanda, mwaka wa kwanza, alinipigia. Amesikia nina flashi yenye makala, anaomba nimpatie kondakta wa basi amfikishie. Nimeituma Jumanne. Lakini zilizomo ni za malaria kwa wajawazito, na yeye anaandika juu ya watoto wanaoacha shule.

Muuguzi na mwanafunzi wa uzamili,
Namanyere, Rukwa